Dabo Nane ya Nassibu

Waliomwomba Badria asimamie fainali walikuwa Wakenya, na ubaya wote ulianzia hapo.

Mashindano ya vishale ya timu za taifa yalikuwa yamechezwa siku nne katika ukumbi mmoja wa mtaa wa Gerezani, Kariakoo. Zilikuja nchi tano, kila nchi na wachezaji wake wanne, na Jumapili zikabaki mbili, Tanzania na Kenya. Mwamuzi wa fainali alipangwa awe Mganda, mzee mmoja mtaratibu, lakini tumbo lilimbana, na kufikia saa nne asubuhi alikuwa kalazwa ana dripu mkononi. Timu zilizotolewa zilikuwa zimeshapanda mabasi ya alfajiri pamoja na waamuzi wao. Viongozi walipokaa kutafuta mtu, nahodha wa Kenya, mrefu mmoja aitwaye Mutiso, akanyoosha kidole.

"Tupeni yule mama wa mtandio wa kijani," alisema. "Ijumaa alimnyima mtu wenu alama kwa kukanyaga mstari. Huyo sisi tunamkubali."

Badria alikuwa amekaa karibu na mlango, soda mkononi. Kabla hajajua vizuri anaitiwa nini, Ridhiwani, mwenyekiti wa chama, alishamwita pembeni kwenye korido iliyopangwa makreti ya bia.

"Umewafanyia nini hawa?" aliuliza.

"Kina nani?"

"Wakenya. Mkenya hakupendi bure, Badria."

"Wamependa hesabu zangu, mwenyekiti."

"Basi leo hesabu zako ziwe na uzalendo." Alisema taratibu, huku akimwangalia machoni, kisha akaondoka bila kungoja jibu.

Hesabu ndicho kitu alichorithi. Baba yake, mzee Fikirini, alikuwa fundi wa reli, na jioni alikuwa akimchukua kwenye klabu ya wafanyakazi, anamsimamisha juu ya kreti mbele ya ubao ili atoe alama wakati wakubwa wanarusha. Mia tano na moja, toa sitini. Mia nne arobaini na moja, toa themanini na tano. Akiwa na miaka tisa alikuwa anawashinda watu wazima waliokwenda shule. Sasa alikuwa na miaka arobaini na sita, ana fremu ya duka la zipu, vifungo na nyuzi Mtaa wa Sikukuu, anaiendesha na mdogo wake Husna, na bado Jumamosi na Jumapili alikuwa anakwenda kusimama pembeni ya ubao. Majirani walikuwa wakimsema. Mwanamke wa kujisitiri anafuata nini kwenye kumbi za pombe? Yeye alikunywa soda yake, akahesabu, akarudi nyumbani. Maneno alishayazoea, au ndivyo alivyodhani.

Kufikia saa tisa ukumbi ulikuwa umejaa mpaka madirishani. Mapangaboi yalizunguka bila kuleta upepo. Washabiki wa nyumbani walikuja na ngoma na filimbi, na tangu Badria alipopanda jukwaani walianza naye.

"Mama, leo tunakuangalia wewe," mmoja alipaza sauti kutoka nyuma, na wenzake wakacheka kicheko kisicho na utani.

Kila timu ilishinda michezo minne. Ukabaki wa tisa, wa kuamua, Nassibu kwa Tanzania na Mutiso kwa Kenya. Nassibu Badria alimjua vizuri kuliko mtu yeyote mle ndani. Alikuwa fundi cherehani wa Magomeni, kijana wa miaka thelathini na moja, mshonaji wa sare za shule, na kila Jumanne alikuja dukani kwake kununua zipu. Alipopita mbele yake kwenda kwenye mstari aliinamisha kichwa. "Shikamoo, Da Badria." Naye akamwitikia kwa sauti ndogo, maana mwamuzi hatakiwi kuonekana anasalimiana sana.

Mchezo wenyewe hauna siri. Kila mtu anaanza na mia tano na moja, anarusha vishale vitatu vitatu, anapunguza mpaka afike sifuri kamili, na kishale cha mwisho lazima kipige dabo, ile pete nyembamba ya nje inayohesabiwa mara mbili. Wengi wanashuka haraka, halafu wanakwama kwenye pete hiyo. Ipo na sheria moja ambayo watazamaji hawaijali mpaka iwaume: baada ya kishale cha mwisho cha zamu, mwamuzi anahesabu sekunde tano moyoni kabla ya kutangaza. Kishale kikidondoka kabla ya hapo, ni kama hakikurushwa.

Nassibu alibakiwa na thelathini na mbili, Mutiso arobaini. Ilikuwa zamu ya Nassibu. Cha kwanza kilitoka nje. Cha pili kikaingia kumi na sita ya kawaida, zikabaki kumi na sita, maana yake dabo nane. Ukumbi ukanyamaza, ngoma zikanyamaza. Nassibu akavuta pumzi, akarusha, na kishale kikachoma ndani ya dabo nane.

Ukumbi ulilipuka. Nassibu aliruka, akageukia watu mikono juu, akakimbilia ukingo wa jukwaa, na wenzake watatu wakamvamia. Viti viliangushwa. Watu walianza kupanda jukwaani na mbao zikawa zinatikisika chini ya miguu. Badria hakuyatazama hayo. Macho yake yalikuwa kwenye kishale, na kishale hakikukaa sawa. Ncha ilikuwa imeshika kwenye ukingo wa waya tu, mkia umening'inia.

Moja, alihesabu. Mbili.

Kwenye tatu kikaanguka. Kiligonga kiatu chake kikalala juu ya zulia la mpira, na katika kelele zile hakuna aliyekisikia.

Pembeni yake, hatua moja tu, alikuwa Elibariki, mwandishi wa alama, kalamu nene mkononi mbele ya ubao mweupe. Badria alimgeukia. Elibariki alikuwa anakitazama kishale pale chini. Kisha akainua macho, wakatazamana.

"Andika kumi na sita," Badria alimwambia. "Zimebaki kumi na sita."

"Da Badria."

"Andika."

Elibariki aliandika, mkono wake ukiwa mzito. Badria akachukua kipaza sauti, akatangaza kwamba kishale kimeanguka kabla ya muda, mchezo unaendelea, zamu ya Kenya. Ilichukua muda watu kuelewa. Kisha chupa ya maji ikapita karibu na sikio lake na kugonga ukuta.

Ridhiwani alipanda jukwaani, uso umemvimba. "Futa hiyo," alisema, mdomo karibu na mtandio wake. "Futa sasa hivi, useme umekosea."

"Sijakosea, mwenyekiti. Kile pale chini."

"Mtu yeyote anaweza kuwa amekigusa."

"Hakuna aliyekigusa. Tafadhali shuka, mchezo unaendelea."

Alishuka, kwa sababu meza ya wageni ilikuwa inatazama. Watu wakarudishwa chini mmoja mmoja, na Mutiso akasimama kwenye mstari katikati ya filimbi na matusi. Yalimyumbisha hata yeye. Viwili alivitoa nje, cha tatu kikaingia ishirini ya kawaida. Ikawa zamu ya Nassibu tena, na alihitaji dabo nane ileile, na safari hii alikuwa na vishale vitatu vizima vya kuitafutia. Hakumtazama Badria. Cha kwanza nje. Cha pili nje. Cha tatu kikapiga waya kikadunda mpaka sakafuni mbele ya macho ya kila mtu. Mutiso akarudi, akarusha kimoja tu, dabo kumi, na Kenya wakachukua kombe.

Vile vishale vitatu vya mwisho vya Nassibu hakuna aliyevikumbuka baadaye.

Badria alitolewa kwa mlango wa jikoni, askari mmoja mbele, mmoja nyuma. Mwanamke wa makamo, mtu mzima kama yeye, alimtemea mate kwenye baibui, akamwuliza amelipwa shilingi za Kenya au dola.

Jumatatu video ilikuwa imeshazunguka. Mshabiki aliirekodi kutoka nyuma ya ukumbi: kishale kinaonekana kimechoma, Nassibu anaruka, halafu migongo ya watu inafunika kila kitu, halafu sauti ya Badria inatangaza. Mtu aliyeiangalia mara moja angeapa kwamba mwanamke yule kaiba. Alipofika dukani aliwakuta watu wamesimama, na Husna katikati yao ana funguo mkononi. Kufuli zote mbili zilikuwa zimejazwa gundi. Ilibidi aitwe fundi wa kuchomelea azikate, na watu walikaa kuangalia cheche kama wanaangalia ngoma.

"Karibu Nairobi," alisema mbeba mizigo mmoja akipita na mkokoteni, na kuanzia siku hiyo ndilo likawa jina la duka. Wateja waliokuwa wakija kila wiki sasa walipita upande wa pili wa barabara. Wengine waliingia kwa makusudi, wakaomba watolewe maboksi yote ya vifungo, wakavichambua, wakaviacha juu ya meza na kuondoka. Twaha wa mlango wa tatu, muuza zipu mwenzao aliyekuwa akiazimana nao chenji kila siku, alianza kusema hana.

Husna alivumilia mpaka Jumatano. Mchana ule walikuwa wamekaa bila mteja hata mmoja, na alikuwa akikunja lastiki kwenye kibao, anaikaza kuliko inavyohitaji.

"Hivi ungenyamaza tu ungepungukiwa nini?" alisema. "Watu wameshashangilia, mambo yamekwisha. Wewe ukatafuta kishale chini."

"Sikukitafuta. Kiliniangukia mguuni."

"Watu mia tatu hawakuona. Ukaona wewe peke yako."

"Na Elibariki."

Husna aliweka kibao chini. Alisogea karibu, akashusha sauti, na kwa namna fulani sauti ile ya chini ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. "Dada, mimi ni damu yako. Niambie mimi tu. Walikupa nini?"

Badria alimtazama mdogo wake huyu, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, aliyemsimamia harusi na kumpokea harusi ilipovunjika. "Kilianguka, Husna," alisema. "Sina neno lingine."

"Haya," Husna alisema, na akarudi kwenye lastiki yake.

Alhamisi chama kilimwita kwenye ofisi yake Upanga, ghorofa ya pili. Ridhiwani alikuwa amekaa na wajumbe wawili ambao hawakufungua mdomo tangu mwanzo hadi mwisho. Elibariki alikaa kwenye kiti cha ukutani, mikono katikati ya magoti. Mbele ya Badria waliweka karatasi iliyokwisha kuchapwa. Ilisema kwamba yeye, Badria Fikirini, anakiri aliharakisha uamuzi wake kutokana na shinikizo, na anawaomba radhi wachezaji na Watanzania wote.

"Saini hapo, yaishe," Ridhiwani alisema. "Tutawaambia watu ni makosa ya kibinadamu. Wiki mbili watasahau."

"Mwulizeni kwanza Elibariki alichoona."

Ridhiwani aligeuka. "Elibariki, uliona kishale kikianguka?"

Elibariki aliangalia viatu vyake. "Nilikuwa nimegeukia ubao, mwenyekiti. Naandika. Sikuona vizuri."

Badria akachukua kalamu, akakata maandishi yote ya ile karatasi kwa mstari mmoja mrefu, na chini yake akaandika kwa mkono: Kishale kilianguka sekunde ya tatu. Akatia saini, akaisukuma mezani.

"Umejichagulia mwenyewe," Ridhiwani alisema. Walimfungia miaka miwili, asisimamie mchezo wowote wa chama, na barua ilikuwa tayari kwenye droo.

Elibariki alimkimbilia kwenye ngazi. "Da Badria, nisikilize. Mkataba wangu na chama unaisha mwezi ujao, na mwenyekiti ndiye anayesaini. Nina watoto watatu."

"Ulikiona?"

Kijasho kilikuwa kinamtoka juu ya mdomo. "Nilikiona."

"Basi sogea nipite."

Alisogea. Badria alishuka ngazi taratibu, akaita bajaji, akarudi Kariakoo kufungua duka lisilo na wateja.

Wiki ya tatu mambo yalianza kulegea, si kwa sababu mtu yeyote alimsamehe, ila mji ulipata ugomvi mwingine wa mpira. Mafundi wawili watatu walirudi, wakanunua bila kumtazama. Na Jumanne moja, kwenye saa tano, aliingia Nassibu.

Hakutoa shikamoo. Alisimama mbele ya meza, akaweka kipande cha karatasi chenye vipimo. "Zipu nyeusi za inchi saba, dazeni sita. Na za bluu dazeni mbili."

"Umerudi," Badria alisema.

"Za Twaha zinang'oka meno. Wazazi wananirudishia sketi."

Badria alianza kutoa zipu kwenye droo. Nassibu alikuwa amekonda kidogo, ndevu hajanyoa. Alizungusha shingo kuangalia kama yuko mtu mlangoni, na alipoona hayupo, akasema kwa hasira ambayo ilionekana ameibeba tangu Gerezani:

"Ungehesabu haraka. Nani angejua? Moja mbili tatu nne tano, imekwisha. Ungenipa tu."

"Sikuwa na cha kukupa. Kilianguka."

"Najua kilianguka."

Mkono wa Badria ulisimama ndani ya droo. "Unajua vipi? Ulikuwa umetupa mgongo."

Nassibu aliuma mdomo wa chini. Alikuwa ameshasema, na alijua ameshasema. "Kilipotoka mkononi tu nilijua hakitashika vizuri," alisema. "Nikakiona kinaning'inia. Mtu ukirusha miaka kumi na tano unajua. Nikaona nikiruka, watu wakivamia jukwaa, ubao utazibwa, na wewe utachanganyikiwa. Ndiyo maana nikageuka. Sikutaka kukiona kikidondoka."

"Na wiki tatu hizi umenyamaza."

"Ulitaka nifanye nini? Magomeni nzima inaniita bingwa aliyeibiwa. Shule mbili zimenipa tenda ya sare kwa ajili hiyo. Nisimame niseme kilianguka, halafu nilikosa mara tatu mwenyewe?"

"Ndiyo," Badria alisema. "Usimame useme hivyohivyo."

"Siwezi."

"Mimi wamenitemea mate, Nassibu. Hapa." Aligusa kifua cha baibui lake. "Mwanamke sawa na mimi kiumri. Na wewe ulikuwa unajua."

"Wewe ndiye uliyetangaza, si mimi," Nassibu alisema, na sauti yake ikawa ngumu tena, kama ya mtu aliyepata ukuta wa kuegemea. "Nihesabie zipu zangu niende."

Badria alitazama zile alizokwisha kutoa, mafungu manne meusi yamefungwa kwa mpira. Aliyachukua, akayarudisha kwenye droo moja baada ya jingine, akaisukuma mpaka ikagota.

"Kwangu hununui tena," alisema. "Nenda kwa Twaha."

"Da Badria, nina kazi ya watu."

"Nimesikia."

Nassibu alisimama kidogo, kana kwamba anangoja abadili mawazo. Mwishowe akachukua karatasi yake ya vipimo, akaikunja mara nyingi kuliko lazima, akatoka nje juani na kupotea kati ya mikokoteni.

Nyuma ya majora ya bitana kulisikika kitu kikianguka. Husna alikuwa amechuchumaa kule tangu asubuhi, anapanga mzigo mpya, na Nassibu hakumwona. Alitoka polepole, vumbi la kitambaa kwenye nyusi, boksi la nyuzi limemponyoka na vigurudumu vya uzi vimetawanyika hadi miguuni kwa dada yake. Hakuinama kuviokota.

"Kumbe kweli," alisema.

Badria alikuwa amestahimili chupa, mate, gundi na ile karatasi ya Upanga, lakini maneno mawili haya yalimpata mahali ambapo vile vyote havikufika.

"Kumbe kweli?" alirudia. "Mimi nilikuambia, Husna. Nilikuambia nikiwa nimekaa palepale."

"Dada, mimi..." Husna alifuta uso kwa mkono, akaongeza vumbi. "Niende nikawaambie? Namfuata Twaha sasa hivi, nawaambia wote mtaa mzima alichokisema. Nimesikia kwa masikio yangu."

"Utakavyo."

"Kwa nini unasema utakavyo? Hutaki wajue?"

"Nataka," Badria alisema. "Lakini wao si damu yangu kama wewe."

Nje mtu alikuwa akinadi soksi kwa kipaza sauti cha betri. Akaja mteja, fundi mama mgeni asiyejua lolote la vishale, akauliza vifungo vyeupe vya mashati ya kiume, na Badria akapanda kwenye stuli kumtolea boksi la juu. Alipogeuka, Husna alikuwa amepiga magoti sakafuni anakusanya nyuzi, na machozi yalikuwa yanamdondokea mikononi. Badria alimwona. Alimhudumia mteja mpaka mwisho, akamfungia vifungo vyake, akamshukuru, akamwacha mdogo wake aendelee kuokota peke yake.